Mkono huchagua, mkuki hauchagui: hotuba kwa wapiga mbizi wa kamba koche

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, nahodha zetu, mama zangu mlioacha shughuli za nyumbani mkaja, na nyinyi vijana wa mbizi, ahsanteni kwa kuitika. Nimeomba tukutane sasa, kusi ikiwa inaisha na kaskazi haijakaa sawa, kwa kuwa nawajua. Bahari ikishatulia na maji yakawa maangavu hapa kwetu Lamu, kuanzia Kizingitini hadi Kiwayu na Kiunga, hakuna mpiga mbizi atakayekaa barazani kusikiliza maneno.

Nina ombi moja, na nalisema mapema ili mtu asijiulize ninakokwenda. Msimu huu mkuki na bunduki ya mshale vibaki nyumbani. Kamba koche tumkamate kwa mkono, kwa fimbo na kwa wavu mdogo wenye mpini, kama walivyofanya wengi wa wazee waliokaa hapa mbele. Sababu zangu sizitoi kwenye karatasi ya serikali. Nazitoa kwenye mwili wa kamba mwenyewe, na nyinyi ndio mtakaonihukumu, kwa sababu hakuna anayemwona kamba akiwa hai nyumbani kwake kuliko nyinyi.

Tuanze hapo, nyumbani kwake. Katika maji ya Kenya wanasayansi wanahesabu jamii 5 za kamba koche, zote za ukoo mmoja uitwao Panulirus. Yuko yule wa kwenye ukingo wa mwamba ambako mawimbi yanavunjika, wa kijani kilichoiva. Yuko mwenye ndevu nyeupe na mistari myeupe mkiani, anayependa matumbawe. Lakini anayejaza vikapu vyenu, mkubwa kuliko wote, mwenye miguu ya madoa na mapete, ni Panulirus ornatus, na leo nikisema kamba bila kuongeza neno ni huyo ninayemsema.

Hana magando. Kamba wa baharini kwa Wazungu, yule wa maji baridi ya Marekani na Ulaya, ana magando mawili mazito ya kuvunjia na kukatia. Wetu hakupewa hayo. Alichopewa ni miiba juu ya macho na mgongoni, ndevu mbili ndefu ngumu za kusukumia adui, mkia wenye nguvu, na akili ya kutafuta tundu lenye dari. Anakaa humo mchana kutwa, uso nje, mkia ndani. Usiku hutoka kutafuta konokono, chaza, kaa wadogo na mizoga.

Amepewa pia sauti. Kila mmoja wenu ameisikia, ule mkwaruzo anaoutoa ukimshika. Halii kwa mdomo. Kwenye mzizi wa kila ndevu kuna kipande laini, na chini ya jicho kuna ukingo uliosuguliwa; kipande kile kinanata juu ya ukingo, kinaachia, kinanata tena, mara nyingi kwa kufumba na kufumbua, na sauti inatoka. Mwaka 2001 mtafiti wa Marekani, Sheila Patek, ndiye aliyeeleza jinsi inavyofanya kazi, na akaonyesha faida yake kubwa: kamba anaweza kuitoa hata akiwa ametoka kujivua gamba, mwili mzima laini, hana mwiba unaochoma. Wakati ambao hana silaha yoyote nyingine, sauti anayo. Mimi jambo hili linanigusa sana. Mnyama tunayemuuza kwa kilo ametengenezwa kwa uangalifu wa namna hiyo.

Na damu yake je? Mtu akimchoma kamba mkuki, kwenye tundu hutoka majimaji yasiyo na rangi, na wengi hudhani ni maji ya bahari. Ile ni damu. Yetu ina chuma, ndiyo maana ni nyekundu. Yake ina shaba, na ikipata hewa huchukua rangi ya buluu hafifu. Tena haipiti kwenye mishipa iliyofungwa mwanzo mwisho kama yetu; inazunguka huru kati ya viungo, chini ya gamba. Kwa hiyo tundu moja kubwa linatosha kummaliza. Anaweza kuponyoka mkukini, akarudi ndani ya pango mahali ambapo mkono haufiki, akafa humo. Hujampata wewe, hatapatikana na mwenzako, wala hatazaa.

Sasa hapo kwenye kuzaa ndipo penye uzito wa maneno yangu.

Jike na dume mnawajua, lakini nitaeleza kwa ajili ya vijana. Mgeuze kamba chali. Tazama miguu ya mwisho, jozi ya tano. Ya dume inaishia na ncha moja. Ya jike ina ukucha mdogo wa pili, vidole viwili vinavyokutana. Kisha tazama chini ya mkia: vile vipepeo vya jike, vijipezi vya kupepea maji, ni vipana, na kila kimoja kina tawi la ziada lenye nywele. Vitu hivi viwili vina kazi. Dume hubandika bonge la mbegu kwenye kifua cha jike, nalo huganda hapo. Siku jike anapotaga, hukunja mkia kuelekea kifuani, hulikwangua bonge lile kwa vile vikucha vya miguu ya nyuma, na mayai yanapopita yanarutubishwa, halafu yananasa kwenye nywele za vipepeo. Laki kadhaa za mayai kwa mara moja. Mwanzoni ni ya rangi ya machungwa iliyokoza. Kadiri siku zinavyopita yanageuka kahawia, na ukiangalia kwa makini utaona vidoa vyeusi, macho ya watoto. Karibu mwezi mzima mama anayabeba, anayapepea yapate hewa, anayasafisha kwa vikucha vile vile. Halafu wanaanguliwa.

Jiulizeni basi: mayai yako wapi kamba anapokuwa pangoni? Yako chini ya mkia. Na mkia uko wapi? Uko ndani kabisa, gizani. Mpiga mbizi anachokiona ni uso na ndevu. Ukiachia mshale kwenye uso ule umeshaamua kabla hujaona tumbo. Ukimtoa nje na kumgeuza, ukakuta amejaa mayai, utamrudisha vipi na chuma kimepita kifuani? Ndiyo maana nasema mkuki hauchagui. Mkono wenye glavu unamtoa mzima, unamgeuza, unaangalia, na kama ana mayai unamwachia pale pale kwenye mlango wake. Nusu dakika tu.

Hapa kuna jambo ambalo mtu hawezi kuliona kutoka kwenye mashua, na lisipofahamika, kumrudisha mwenye mayai kunaonekana kazi bure. Mtoto wa kamba akianguliwa hafanani na mama yake hata kidogo. Ni bapa kama jani, angavu hata ukimweka kwenye kiganja unaona mistari ya mkono wako kupitia kwake, ana miguu mirefu membamba na macho kwenye vijiti. Hakai mwambani. Mkondo unamchukua hadi bahari kuu na huko anaelea miezi 4 mpaka 7, akijivua na kukua, huku wenzake maelfu kwa maelfu wakiliwa. Wachache wanaobaki hubadilika umbo mara moja, wanakuwa kamba kamili wadogo wasio na rangi, wafupi kuliko kidole. Katika hali hiyo hawali kitu. Wana akiba ya mafuta mwilini, na kwa akiba hiyo wanaogelea kuelekea pwani mpaka waguse mwani, jiwe au tundu. Wakishatua, rangi inaingia na maisha ya mwambani yanaanza.

Mikondo yetu mnaijua kuliko mimi. Wakati wa kusi maji yanakwenda kaskazini, kutoka Tanzania yanapita kwetu hadi Somalia. Wakati wa kaskazi mkondo wa Somalia unageuka na kushuka kusini, unakutana na ule wa kwetu maeneo haya haya ya mpaka, na yote mawili yanageukia nje, mashariki, kwenye bahari kuu. Mtoto aliyeanguliwa leo nje ya Kiwayu hana mkataba wa kurudi Kiwayu. Anaweza kutua mahali pengine kabisa. Na kamba uliyemkamata jana, huenda mama yake alikuwa mwamba wa mbali kusini ambako mvuvi fulani usiyemjua alimwona na mayai, akamwacha. Watu huniambia, "Nikimwacha mimi, atachukuliwa na mwingine, na watoto wake watakwenda kwa wengine." Sehemu ya pili ni kweli. Lakini na wewe unakula watoto wa wengine kila msimu, tangu babu yako. Kama kila pwani itafikiri hivyo, bahari kuu italeta nini?

Basi tumkamate vipi? Nataka nikae kidogo hapa, kwa sababu vijana wengine wananiambia kuvua kwa mkono ni polepole. Wazee walikuwa na pweza. Pweza ni adui mkubwa wa kamba. Humfuata hadi ndani ya tundu, akamkumbatia na kumla. Mzee alimfunga pweza kwenye ncha ya fimbo, akamwingiza upande wa nyuma wa pango, na kamba aliyekuwa hatoki kwa mtu alitoka mwenyewe mbio. Hii ni elimu ya tabia za wanyama, na waliokuwa nayo hawakuisoma darasani. Kule Florida, Marekani, ambako kuna jamii nyingine ya kamba asiye na magando, wapiga mbizi hutumia kijiti chembamba: wanampapasa mkiani kwa nyuma, yeye anatembea mbele kutoka tunduni, kisha wavu unawekwa nyuma yake. Kwa nini nyuma? Kwa sababu kamba akishtuka hukunja mkia ghafla na kuruka kinyumenyume. Anakwenda mwenyewe ndani ya wavu. Anayemkimbiza kwa mbele anapoteza pumzi yake bure.

Na asimshike kwa ndevu. Ndevu zikikatika, au miguu, kamba ataziotesha tena, Mungu amempa uwezo huo, lakini kila kiungo anachokiotesha anakilipia kwa ukuaji. Tena mnunuzi wa kamba hai humtaka mzima, ndevu zote mbili, miguu yote. Aliyechomwa mkuki huyo ni wa barafu, na bei yake mnaijua wenyewe.

Kuna wanaobomoa. Kamba akijificha ndani, mtu anatoa mtaimbo na kupasua tumbawe. Siwezi kulipitia hili kwa upole. Kamba hupenda kukaa na wenzake. Hufuata harufu ya kamba wengine kwenye maji, ndiyo maana pango ulilotoa watatu msimu uliopita ukirudi unakuta wengine. Nahodha mzuri ana mapango yake kichwani, na anawarithisha watoto wake. Ukilibomoa umechukua kamba mmoja na umeuza nyumba ambayo ingekulisha miaka. Tumbawe halioti kwa msimu.

Jarife, wavu wa kutegwa juu ya mwamba usiku, nalo halichagui. Linakamata kamba mwenye mayai na kamba mdogo kwa pamoja, linavunja miguu, na hapa kwetu linakamata kasa. Hifadhi ya bahari ya Kiunga iliwekwa mwaka 1979, na kasa wanaopanda kwenye fukwe zake kutaga ni amana yetu. Sitalirefusha hilo.

Lakini nitarefusha hili linalofuata, kwa sababu linahusu roho za watu.

Kuna maneno yanazunguka kwamba njia ya kupata kamba wengi ni chupa za hewa, kwamba kamba wa maji ya kifundoni wamekwisha na waliobaki wako kina kirefu, na tajiri anayenunua kamba yuko tayari kukopesha vifaa. Nawaomba mnisikilize habari za Wamiskito. Hao ni watu wa pwani ya Karibea, Honduras na Nicaragua. Walikuwa wapiga mbizi wa pumzi kama nyinyi. Biashara ya kamba ya kuuza Marekani ilipokua, zikaja meli kubwa na chupa za hewa. Vijana wakawa wanashuka zaidi ya mita 30, chupa baada ya chupa, siku nzima, siku nyingi mfululizo, bila mafunzo, bila kipimo cha kina. Mtu akivuta hewa ya chupa kina kirefu, gesi ya naitrojeni huyeyuka na kuingia mwilini mwake. Akipanda taratibu na kupumzika vya kutosha, inatoka. Akipanda haraka, au akirudia kushuka tena na tena, gesi ile hugeuka mapovu ndani ya damu na uti wa mgongo. Anafika juu mzima, anapanda mashua, baada ya muda miguu haimsikii. Wamiskito kwa mamia walipooza hivyo. Wengine walikufa. Kesi ya wazamiaji 42 ilifikishwa hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, na hukumu ikatolewa tarehe 31 Agosti 2021 dhidi ya nchi ya Honduras kwa kutowalinda. Hukumu ni nzuri, lakini haimrudishii mtu miguu yake.

Na hata ukiweka kando hatari kwa mtu, fikirini kwa upande wa kamba. Mpiga mbizi wa pumzi ana mpaka. Pima kadhaa, dakika moja na kitu, basi. Chini ya mpaka ule kuna majike wakubwa ambao hakuna mkono unaowafikia, na jike mkubwa anabeba mayai mengi kuliko wadogo kadhaa kwa pamoja. Pumzi zenu fupi ndizo zilizowalinda miaka yote hii bila ya mtu kuandika sheria. Chupa ya hewa inaondoa ulinzi huo kwa msimu mmoja.

Pumzi nayo ina hatari yake, msidhani nimeisahau. Mtu anahema haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzama, akidhani anajaza hewa. Hajazi kitu. Anachofanya ni kuitoa ile hewa chafu mwilini, na hiyo hewa chafu ndiyo inayomwambia mtu "panda, umechelewa". Akiitoa yote, anakaa chini akijisikia vizuri, hana haja ya kuvuta pumzi, kumbe hewa safi imekwisha. Anazimika ghafla, mara nyingi akiwa anapanda, pima moja au mbili tu kutoka juu. Halii wala hatapitapi. Kwa hiyo hemeni taratibu, pumzikeni juu muda mrefu kuliko mliokaa chini, na asizame mtu peke yake. Mmoja chini, mmoja juu anamtazama, mpaka mwenzake avute pumzi ya kwanza na ya pili. Nahodha asiyesimamia hilo asipewe watoto wa watu.

Nije kwenye ukubwa. Kanuni za Kenya zimeweka gramu 250 kuwa uzito wa chini kabisa wa kamba. Kwa jamii zile ndogo ni kipimo kinachoeleweka. Kwa huyu mkubwa wetu ni mdogo mno. Wa gramu 250 bado ni mtoto, hajazaa hata mara moja. Sasa sikilizeni wanavyofanya watu wengine wenye kamba yule yule. Kati ya Australia na Papua New Guinea kuna mlango wa bahari wa Torres, wenye visiwa, miamba na wapiga mbizi. Kamba wao ni ornatus, huyu huyu. Huko hana kawaida ya kuingia mitegoni, hivyo wanashuka kumfuata kama nyinyi. Kipimo chao ni milimita 90 za gamba la mgongo, au milimita 115 za mkia. Mwezi wa Oktoba na Novemba uvuvi wa biashara unafungwa. Desemba na Januari unafunguliwa kwa wapiga mbizi wa pumzi tu. Wenye mipira ya hewa kutoka kwenye mashine wanasubiri hadi Februari. Mmeona heshima hiyo aliyopewa mtu wa pumzi?

Kamba wa Torres wana ajabu nyingine. Wakikomaa, kila mwaka mwezi wa Agosti na Septemba wanaondoka kwa makundi, wanatembea chini ya bahari mamia ya kilomita hadi ghuba ya Papua kuzaa, na wengi wao hufia huko. Trola, meli za kukokota nyavu, zilikuwa zinawazoa njiani, na miaka ya 1980 zikazuiwa. Wetu hatujawaona wakisafiri namna hiyo. Wa kwetu tunawakuta na mayai mwambani hapa hapa. Maana yake hakuna meli ya mbali ya kulaumiwa. Jike mwenye mayai yuko mikononi mwetu wenyewe.

Mtu ataniuliza: nikimwacha wa gramu 250 nisubiri mpaka lini? Huyu anakua upesi. Vietnam huwachukua wachanga wa ornatus wanapotua pwani na kuwafuga kwenye vizimba vya baharini, na kwa takriban mwaka mmoja na nusu wanawafikisha kilo 1. Wa porini hali chakula cha kuletewa, lakini mtoto mnayemwacha kaskazi hii, kaskazi ijayo hamtamtambua.

Na je, kuacha kunalipa? Magharibi mwa Australia kuna kamba wa ukoo huu huu, jamii nyingine, anayevuliwa kwa mitego yenye mianya ya kuwatoa wadogo. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 wanaweka majini mafungu ya nyuzi yaliyotengenezwa kufanana na mwani, na kila mwezi wanahesabu wale wachanga wasio na rangi waliotua humo. Kwa hesabu hiyo wanajua mapato ya miaka 3 au 4 mbele. Mwaka 2000 uvuvi wao ukawa wa kwanza duniani kupewa cheti cha uvuvi endelevu cha baraza la MSC. Halafu, karibu na mwaka 2008, wachanga wakaacha kutua. Kamba wakubwa walikuwa bado wamejaa mitegoni, mvuvi wa kawaida hakuona tatizo lolote. Walipunguza uvuvi hata hivyo, kutoka wastani wa karibu tani 11,000 kwa mwaka hadi kikomo cha tani 5,500. Palikuwa na uchungu mkubwa, mashua nyingi zilifunga kazi. Lakini majike waliobaki majini waliongezeka, mtego mmoja ukawa unatoa kamba zaidi kuliko zamani, na mvuvi akawa anapata fungu lake kwa siku chache na mafuta machache. Sisemi tuige kila kitu. Wao wana fedha na meli za utafiti. Ninachokitaka tukione ni kwamba walitazama watoto kabla ya kutazama vikapu.

Kule Maine, Marekani, kwa yule kamba wa magando, wavuvi wana desturi ambayo ni sheria pia. Mvuvi akimkuta jike mwenye mayai, humkata alama ndogo ya pembetatu kwenye pezi la mkia, kisha humrudisha. Tangu hapo, hata akikutwa hana yai hata moja, alama ile ikiwepo hakuna anayeruhusiwa kumchukua. Ameshathibitishwa kuwa mzazi. Wetu hujivua gamba mara nyingi zaidi, alama ingefutika mapema, lakini hata msimu mmoja wa kusalimika ni mwingi kwa mwenye laki za mayai.

Sasa mambo ya mashuani, kwa haraka. Kamba anavuta hewa kwa mashavu kama samaki, ila mashavu yake yakibaki na unyevu anaweza kukaa nje ya maji saa nyingi. Gunia lililoloweshwa maji ya bahari, kivuli, na asirundikwe mwenzake juu yake. Maji ya mvua yasimguse. Maji yasiyo na chumvi yanamuua. Aliye laini, aliyetoka kujivua, mwacheni mwambani: nyama yake ni maji matupu na hafiki hai Lamu mjini, seuze kwenye ndege. Mama zangu wenye kupokea na kupima, nyinyi ndio jicho la mwisho. Katika nchi nyingi wapo wanaokwangua mayai ili kamba aonekane hana. Tazameni zile nywele chini ya mkia. Zikiwa na mabaki, au zimechanika zikiwa mbichi, mtajua.

Ninachopendekeza kifanyike kupitia umoja wetu wa usimamizi wa ufuo, BMU, ambayo kanuni za mwaka 2007 ziliipa nafasi ya kujiwekea sheria ndogo, ni hiki. Kila mashua iwe na kipimo cha ubao cha gamba la mgongo, kinachongwa na fundi hapa hapa. Kila bandari iwe na daftari moja la kuandika idadi ya waliorudishwa, wenye mayai na wadogo, bila jina la mtu. Na mkuki usipande mashua ya kamba.

Yamebaki mawili ambayo siwezi kuyaamua mimi. La kwanza ni kipimo chenyewe: tuchukue milimita 90 kama Torres, au tuanze chini kidogo na kupanda msimu kwa msimu, kwa kuwa najua wapo wenye mkopo wa mashine na watoto wa shule? La pili ni gumu zaidi. Jike mwenye mayai akikutwa kwenye mzani wa tajiri, akiwa bado hai, nani atamrudisha mwambani, na mafuta ya safari hiyo yatatoka mfukoni mwa nani? Mvuvi keshalipwa, tajiri keshatoa fedha, na kila mmoja atamtazama mwenzake. Tuanze na hilo la pili. Nahodha, naona umeinua mkono; karibu.